Bakteria wasio na madhara kama chanjo ya utumbo: sio probayotiki, na sio kijidudu kilichodhoofishwa

Nimeshasoma mara nyingi mno watu wakiandika eti siku hizi kuna chanjo ya "bakteria wazuri", kwamba ukinywa mtindi ni kama umejichanja tumbo, na wengine wanaongezea kwamba chanjo zote za kumeza ndo hizo hizo. Hapana jamani. Hapo vimechanganywa vitu vitatu: bakteria mpole aliyebebeshwa chanjo, probayotiki (bakteria hai wa kula kama wale wa mtindi), na kijidudu cha ugonjwa kilichodhoofishwa, na mchanganyo wenyewe unaweza kumfanya mtu aache chanjo aliyotakiwa kupata.

Dhana yenyewe ni fupi. Unachukua bakteria asiyeumiza watu, mfano Lactococcus lactis anayetumika kutengenezea jibini, unampachika jeni ya kipande kimoja cha kijidudu cha ugonjwa, tuseme sehemu B ya sumu ya kipindupindu ambayo peke yake haidhuru, mtu anammeza, mwili unakiona kile kipande na kujijengea kinga dhidi yake. Bakteria ni punda tu, mzigo ndo chanjo.

Kwanini kumeza na sio sindano? Kwasababu utumbo una ulinzi wake pale pale kwenye utando wenye ute, kuna kingamwili (protini za ulinzi) za aina ya IgA zinazomwagwa ndani ya ute wenyewe na kumkamata kijidudu kabla hajajishikiza. Sindano ya msuli inaleta zaidi kingamwili za kwenye damu, wakati kijidudu cha kipindupindu kwa kawaida hakiingii hata kwenye damu, kinakaa juu ya ukuta wa utumbo mwembamba kinamwaga sumu. Na ukuta huo una seli M ambazo kazi yake ni kuchukua vipande kutoka ndani ya utumbo na kuvikabidhi kwa seli za kinga zilizo chini yake, sasa chanjo ya kumeza inalenga kupitia mlango huo.

Turudi kwenye mchanganyo. Probayotiki ni bakteria alivyo, hajabebeshwa kitu. Baadhi ya aina zake zinaweza kusaidia kwenye kuhara kwa namna fulani, sikatai, lakini hazibebi kipande cha kipindupindu wala cha taifodi, kwahiyo mwili hauna cha kujifunza kuhusu magonjwa hayo na hakuna kumbukumbu inayobaki.

Cha pili ndo kinanisumbua zaidi maana hata watu waliosoma wanakikosea. Ty21a, chanjo ya taifodi ya vidonge iliyotengenezwa Uswisi miaka ya 1970, watu wanaitaja kama mfano wa bakteria asiye na madhara. Yule ni Salmonella Typhi mwenyewe, mleta taifodi, ila ameharibiwa jeni akashindwa kuleta ugonjwa. Vivyo hivyo chanjo ya kipindupindu iliyoidhinishwa Marekani 2016, ni Vibrio cholerae hai aliyeondolewa uwezo wa kutengeneza sehemu ya sumu inayodhuru. Ni chanjo nzuri na zinafanya kazi, lakini ni adui aliyepokonywa silaha, na ndo maana chanjo za hivyo kwa kawaida hapewi mtu ambaye kinga yake imeshuka sana. (Na zile za kipindupindu zinazotumika sana kwenye milipuko ni bakteria waliouawa kabisa, hazimo kwenye kundi lolote kati ya haya.) Lactococcus hakuwa na silaha tangu mwanzo, hana ukali wa kuurudia, na hiyo ndo sababu nzima ya watafiti kumpenda.

Ila upole wake una gharama, na hapa wanaomsifia huwa wanapita haraka. Utumbo umezoea kuvumilia chakula na bakteria wapole, kwahiyo mwili unaweza kumwangalia tu akipita, tena Lactococcus hakai kwenye utumbo wa binadamu, anapita akatoka. Inabidi dozi nyingi na za kurudia, na kipande kiwe cha kutosha. Panya waliomezeshwa Lactococcus mwenye kipande cha sumu ya pepopunda walikingwa dhidi ya sumu hiyo, hiyo ilionyeshwa miaka ya 1990, lakini kutoka panya mpaka binadamu ni safari ndefu na kazi nyingi ya bakteria hawa bado iko kwa panya. Kuna pia suala la bakteria aliyebadilishwa jeni kutoka na choo na kuingia kwenye mazingira, hapo watafiti walishapata njia ya kumnyima jeni ya thyA, inayomwezesha kujitengenezea thaimidini (kiambato cha DNA), ili asipoipata afe.

Kwahiyo anayekunywa mtindi aendelee tu, ila akiulizwa kama ameshachanjwa kipindupindu, jibu ni bado.