RAM Haina Kosa Kila Mara: Dhana Potofu Kuhusu Laptopu za Gemu Zinazokwamakwama

Hapa Kisumu, mtu akishuka mjini na laptopu ya gemu na kusema tu "inakwamakwama", mara nyingi jibu analopewa kabla hata ya kufungua begi ni moja: ongeza RAM, ile memori ya kazi ambamo laptopu huweka vitu inavyovitumia kwa sasa. Si ajabu. RAM inauzika haraka, inafungwa kwa dakika chache, na mteja anaondoka ameridhika kwa sababu GB 8 imekuwa GB 16 kwenye skrini. Kisha anawasha gemu usiku na inaganda pale pale ilipokuwa ikiganda. Mimi ni fundi, RAM nauza pia, lakini dhana hizi zinawalia watu pesa bure.

"Ikikwama, RAM imeisha"

Gemu ikienda fremu 60 (yaani picha 60 za skrini) kwa sekunde, kila fremu huchorwa kwa takriban milisekunde 16.7. Fremu moja ikichelewa hadi milisekunde 100, jicho linaona picha imeruka, ilhali namba iliyo kwenye kona ya skrini bado inasoma 55 au zaidi. Namba ile ni wastani, na wastani huficha mengi. Unachotaka kujua ni nini kilichokuwa kimejaa wakati fremu ile ilipochelewa, na hapo washukiwa ni wengi: RAM, memori ya kadi ya grafiki, diski, joto, chaja, au gemu yenyewe.

Hakuna haja ya kukisia. Kabla ya kuanza gemu bonyeza Ctrl, Shift na Esc kufungua Task Manager ya Windows, ingia Performance, uiache wazi. Cheza hadi pakwame, kisha bonyeza Alt na Tab upesi urudi kutazama. Michoro ile huhifadhi sekunde 60 zilizopita. Ukiona RAM iko asilimia 95 na diski imepanda ghafla hadi 100 wakati huo huo, basi kweli RAM imekuishia na Windows inahamishia vitu kwenye diski. Leta pesa tufunge nyingine. Ukiona RAM iko asilimia 65 na imetulia, mwambie fundi wako atafute kwingine.

"Memori ni memori tu"

Hii ndiyo inayowaponza wengi. Kadi ya grafiki ina memori yake, imechomelewa kwenye bodi, na haiongezwi kwa duka lolote la Nakuru wala la Nairobi. Kadi ya GTX 1650 ina GB 4. RTX 3050 za laptopu nyingi zilizoko sokoni nazo ni GB 4. RTX 3060 ya laptopu ina GB 6. Sasa mtu anaweka ubora wa teksicha (picha zinazovishwa kuta, barabara na watu wa gemu) kwenye Ultra, gemu inataka GB 6 au 7, na kadi haina mahali pa kuziweka.

Windows haikatai. Ziada inapelekwa kwenye RAM ya kawaida, na Task Manager inaionyesha kwenye ukurasa wa GPU, yaani wa grafiki, kwa jina la Shared GPU memory. Lakini njia ya kuifikia ni nyembamba. Memori ya GTX 1650 yenyewe hupitisha GB 128 kwa sekunde au zaidi. Kuchukua kitu kwenye RAM kupitia PCIe 3.0, yaani njia inayounganisha kadi na mashine, hata kwa mikondo yote 16, ni takriban GB 16 kwa sekunde. Ndiyo maana gemu huenda vizuri ukitazama mbele, halafu ukigeuza kamera ghafla kuelekea mtaa mpya inaganda. Inangoja kuta na barabara zivushwe.

RAM unaweza kujaza hata GB 64 na hali isibadilike. Dawa haina gharama: shusha teksicha kutoka Ultra hadi High au Medium. Watu hukimbilia kushusha ukubwa wa picha kutoka 1080 hadi 720, sura ya gemu inaharibika kabisa na kukwama kunabaki, kwa sababu teksicha ndizo zilizojaza kadi. Ushushe hizo kwanza, uzime na kuwasha gemu upya, ndipo uamue.

"GB 16 ni GB 16, hata zikiwa kipande kimoja"

Mwanafunzi mmoja wa Maseno aliniwekea laptopu mezani, haina kadi ya grafiki ya pembeni, inategemea grafiki iliyo ndani ya prosesa. "Fundi, hii nimeiongeza RAM ikawa 16, na bado," akasema. Nikafungua Task Manager, ukurasa wa Memory. Chini kulia pameandikwa Slots used: 1 of 2. Waliomuuzia walitoa kile cha GB 8 wakaweka kimoja cha 16, nafasi ya pili ikabaki tupu.

Kipande kimoja hutumia njia moja. RAM ya aina ya DDR4 ya kasi ya 3200 hupitisha GB 25.6 kwa sekunde kwa njia moja. Vipande viwili, njia mbili, ni 51.2. Kwenye laptopu yenye kadi yake, tofauti huonekana zaidi kwenye zile fremu zinazochelewa kuliko kwenye wastani. Kwenye laptopu kama ya yule kijana, ambapo RAM hiyo hiyo ndiyo inayolisha prosesa na kuchora picha, ni tofauti ya gemu kuchezeka na kutochezeka. Tulitafuta kipande cha pili kinacholingana na kile, na mambo yakabadilika bila kugusa kitu kingine.

Kwenye ukurasa huo huo kuna mstari wa Hardware reserved. Ukiona umepunguziwa GB 2 hapo, hujaibiwa. Ni sehemu iliyotengewa grafiki. Ila ukiwa na 16 na Windows inasema inayotumika ni 8 hivi, kipande hakikukaa sawasawa au nafasi ina kasoro, na hilo ni la kurudisha siku hiyo hiyo.

Kabla ya kununua, jua aina. DDR3, DDR4 na DDR5 haziingiliani. Pengo kwenye ukingo liko mahali tofauti, usilazimishe. Ujanja uko kwenye zile laptopu za zamani za ex-UK: nyingi zinataka DDR3L ya volti 1.35, na DDR3 ya kawaida ya volti 1.5 ina umbo lile lile, inaingia vizuri kabisa, kisha mashine haiwaki. Na kuna laptopu nyembamba ambazo RAM imechomelewa, hakuna cha kuongeza. Uliza kabla hujapanda matatu.

"RAM tupu ndiyo nzuri, weka programu ya kuisafisha"

Hapana. Windows hutumia RAM iliyobaki kuweka vitu ilivyokwisha kusoma kwenye diski, ili visisomwe tena, na gemu ikihitaji nafasi inapewa papo hapo. Programu za kusafisha huvifuta au kuvisukumia kwenye diski. Namba inashuka, unafurahi, na sekunde chache baadaye gemu inaanza kuvisoma upya. Yaani umelipia kukwama. Ziondoe, na ukiwa unataka nafasi ya kweli funga kivinjari chenye vichupo thelathini.

Ndugu yake ni ule ushauri wa video wa kuzima pagefile, ile sehemu ya diski ambayo Windows huitumia kama akiba ya RAM, "ili Windows itumie RAM tu". Gemu huomba memori mapema, nyingine haiitumii yote, na Windows lazima iwe na pa kuiahidi: RAM pamoja na pagefile. Tazama neno Committed kwenye Task Manager. Namba ya kulia ndiyo kikomo. Ukizima pagefile kikomo kinashuka, na gemu inajifunga ikilia memori imeisha wakati wewe unaona GB 4 ziko huru. Iache Windows iipange yenyewe, kwenye SSD, na SSD isijazwe hadi pomoni.

"Joto ni la kawaida, si tuko Kisumu?"

Kisumu kweli ina joto. Mchana nyuzi 30 ni jambo la kila siku. Lakini hilo ni sababu ya kuitunza laptopu zaidi, si ya kunyamaza. Prosesa nyingi za laptopu zikifika nyuzi 95 hadi 100 hujipunguzia kasi zisiungue. Zikipoa kidogo zinapanda tena, zikichemka zinashuka tena, na huko kupanda na kushuka ndiko unakokuona kwenye gemu. Dalili yake ni rahisi: dakika kumi za mwanzo ni raha, kisha kukwama kunaanza na hakukomi.

Kuna jambo ambalo halisemwi sana. Feni hupoza kwa kusukuma hewa, na hewa ya huku juu ni nyepesi. Kisumu iko takriban mita 1,131 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake imepungua uzito kwa zaidi ya asilimia 10 ukilinganisha na ya Mombasa. Nakuru iko juu zaidi, karibu mita 1,850, ingawa ubaridi wake unafidia. Kwa hiyo vipimo vya joto unavyosoma kutoka kwa mtu aliye pwani ya Ulaya si lazima viwe vyako.

Ukifungua, usidanganywe na mabawa ya feni yaliyo safi. Inua feni utazame ukuta wa mapezi ya shaba nyuma yake. Hapo ndipo vumbi hujipanga likashikana na wadudu wadogo wa ziwani na nywele, likatoka zima kwa kibano kama kipande cha blanketi. Kupuliza kutoka nje kwa blowa ya gereji husukuma ule mkeka ndani, na kuzungusha feni kwa kasi isiyoumbiwa. Ishike kwa kidole unapopuliza. Bandika pasta mpya ya joto kama ya zamani imekauka. Halafu uache kuchezea kitandani, maana matundu ya kuvuta hewa yako chini.

"Stima ya huku ni ndogo, ndiyo inaikwamisha"

Geuza chaja usome kibandiko: 100 hadi 240 volti. Stima ikishuka hadi 190 jioni, chaja haijali. Tatizo ni wati. Laptopu iliyokuja na chaja ya wati 180 ukiichomeka ya 90 uliyopata kwa bei nzuri, itawaka na itacheza, ila betri itakuwa inashuka huku waya umechomekwa, na prosesa itabanwa. Baadhi ya laptopu husoma utambulisho wa chaja, na zisipoitambua hushusha prosesa hadi GHz 0.8 hivi. Hapo hata kufungua barua pepe ni shida.

Stima ikipotea kabisa gemu ikabaki kwenye betri, kukwama dakika hiyo hiyo si ugonjwa. Betri haiwezi kutoa wati zote, na laptopu hujipunguzia.

"Gemu mpya inakwama kila kitu kikitokea mara ya kwanza, basi mashine imechoka"

Mlipuko wa kwanza unakwama, wa pili hapana? Ni sheda, programu ndogo za kuchora mwanga na rangi, zinazoandaliwa kwa kadi yako. Hutokea sana kwenye gemu zinazotumia DirectX 12, mfumo wa Windows wa kuchora gemu, na hata mashine za bei kali hazijaepuka. Zinahifadhiwa, kisha ukibadilisha draiva ya grafiki zinaandaliwa upya. Gemu ikionyesha menyuni kwamba inaandaa sheda, iache imalize.

"Ni lagi ya intaneti"

Picha nzima ikiganda, ni laptopu. Picha ikiwa laini lakini wachezaji wengine wanaruka kutoka hapa hadi pale, ni mtandao. Counter-Strike 2 ina seva Johannesburg, na gemu nyingi hukupeleka Ulaya. Umbali huo hauondolewi na RAM.

"Futa RAM kwa raba, itapona"

Raba hutoa uchafu kwenye meno ya shaba, kweli, na huacha vipande vyake ndani ya nafasi. Pombe safi ya isopropili na kitambaa kisicho na nyuzi ni bora. Lakini kama unapata skrini ya bluu yenye maneno MEMORY_MANAGEMENT, kufuta pekee hakutoshi. Endesha MemTest86, programu ya kupima RAM, kutoka kwenye flashi, usiku kucha ikiwezekana, kwa kipande kimoja baada ya kingine. Kikitoa kosa hata moja, kihamishie nafasi ya pili upime tena: kosa likikifuata, kitupe, likibaki kwenye nafasi ya kwanza, kipande chako ni kizima na bodi ndiyo ya kutazamwa.