Darubini ya usiku: kilichomo ndani

Darubini ya usiku haioni gizani. Niliijaribu yangu chumbani Tandika usiku mmoja umeme ulipokatika, dirisha nimeliziba kwa blanketi. Nilichoona ni ukijani mtupu wenye vidoa vinavyochezacheza. Nikatoka nayo uwani, kwenye kambalamwezi kadogo tu, na mwembe wa jirani ukajitokeza mpaka matawi.

Basi maana yake ni hiyo: ni kifaa cha kukuza mwanga uliopo, uwe wa mwezi, wa nyota au wa taa za mbali zinazoakisiwa na mawingu. Kwenye giza totoro hakina cha kukuza, kama kipaza sauti mbele ya mtu aliyenyamaza. Ndiyo maana nyingi zina kitochi cha infraredi, mwanga ambao macho yetu hayauoni (ukikielekeza kwenye kamera ya simu, mara nyingi utaona kinang'aa zambarau). Kamera ya joto ni kitu kingine kabisa. Ile husoma joto la vitu na haina haja na mwanga.

Yangu ni ya jicho moja, ya zamani, niliipata kwa muuza vikorokoro Ilala. Siku ilipogoma kuwaka nikachukua bisibisi.

Lenzi ya mbele na ya nyuma hazina siri. Siri imo katikati: kopo la kioo na chuma, fupi, limezibwa kabisa na ndani hamna hewa. Aliyewahi kufungua TV ya chogo atalitambua mara moja, ni mdogo wake. Kioo cha mbele kimepakwa kwa ndani utando mwembamba sana unaotoa elektroni ukiguswa na mwanga. Einstein ndiye aliyeeleza jambo hilo mwaka 1905, na Tuzo yake ya Nobel ya 1921 ilitajwa kwa hilo, si kwa ile nadharia ya relativiti ambayo kila mtu anaisifia. Elektroni zikishatoka huvutwa kwa umeme mkali hadi kioo cha nyuma chenye fosfori, unga unaong'aa ukigongwa na elektroni. Zinafika na kasi kubwa, na kila moja ikigonga hutoa chembe nyingi za mwanga. Rangi ni kijani kwa sababu jicho la binadamu linaihisi vizuri kuliko nyingine.

Kilichonifurahisha zaidi ni hiki. Lenzi ya mbele huileta picha kichwa chini, miguu juu. Ndani ya kopo elektroni hupishana njiani na kuipindua tena, kwa hiyo jichoni inafika imesimama.

Hicho ni kizazi cha kwanza cha darubini hizi. Vitani Vietnam Wamarekani walipanga makopo ya namna hii matatu kwa foleni ili kupata nuru ya kutosha. Kizazi cha pili kiliweka ndani kisahani cha kioo chenye mamilioni ya vitundu, kila kimoja chembamba kuliko unywele. Elektroni ikiingia hugonga ukuta wa kitundu na kung'oa wenzake, nao wanang'oa wengine: akisukumwa mmoja mlangoni mwa daladala ya Mbagala, wanadondoka watano.

Sasa umeme. Betri zangu zilitoa volti 3, kopo linataka zaidi ya 10,000. Pembeni kuna saketi ndogo: transista inaukatakata umeme, transfoma inaupandisha, kisha ngazi ya dayodi (hupitisha umeme upande mmoja tu) na kapasita (huuhifadhi) inauongeza hatua kwa hatua. Mlio mwembamba kama wa mbu unaousikia ukiwasha unatoka hapo. Ukizima, kioo huendelea kung'aa kwa muda, maana umeme bado umo. Niliipeleka kwa mzee mmoja fundi redio Kariakoo. Nilipomaliza shikamoo tu akauzuia mkono wangu: "Kijana, toa betri, iache ilale mpaka kesho." Kopo lenyewe akanikataza kabisa kulifungua. Hewa ikiingia, ule utando unakufa na haurudi.

Kesho yake tukalikuta kosa, dogo la kuchekesha: betri zilivuja zamani na uchafu wake ukala waya mmoja. Akaulehemu mwingine, tukarudisha betri, mbu akaanza kulia.