Jaji wa shirikisho Marekani haanzii uhakimu

Wengi huamini kwamba jaji wa mahakama ya shirikisho nchini Marekani lazima aanzie uhakimu, apandishwe cheo ngazi kwa ngazi. Sivyo. Katiba yao haitaji uzoefu wa ujaji, umri, wala hata shahada ya sheria. Rais huteua, Kamati ya Sheria ya Seneti humhoji mteuliwa, kisha Seneti nzima hupiga kura. Wingi wa kawaida unatosha.

Mtazame Constance Baker Motley. Kwa karibu miaka 20 alikuwa wakili wa kesi za haki za raia. Kati ya kesi 10 alizowasilisha Mahakama ya Juu, alishinda 9, na mwaka 1962 ndiye aliyemfungulia James Meredith, mwanafunzi Mweusi, mlango wa Chuo Kikuu cha Mississippi. Rais Johnson alimteua kuwa jaji wa shirikisho Januari 1966. Jina likakwama pale yanapokwama mengi, yaani kwenye kamati: mwenyekiti wake, James Eastland, alikuwa seneta wa Mississippi hiyohiyo. Alithibitishwa Agosti 30, mwanamke Mweusi wa kwanza kushika kiti hicho.

Je, wakili wa zamani hawezi kutenda haki? Mwaka 1975, katika kesi ya ubaguzi wa kijinsia, upande wa utetezi ulimtaka ajitoe. Alikataa, kwa hoja nzito: kila jaji ana jinsia na rangi, na wengi walikuwa mawakili, kwa kigezo hicho asingebaki hata mmoja. Kinachomlazimu jaji kujitoa ni jambo mahususi, mathalani kesi aliyoishughulikia mwenyewe akiwa wakili.