Kiwango cha kisukari katika jamii: maana yake na jinsi kinavyopimwa

Kiwango cha kisukari ni sehemu ya watu wanaoishi na ugonjwa huo katika jamii kwa wakati fulani, wapya na wa zamani pamoja. Wengi husema "kiwango cha maambukizi", mazoea yaliyotokana na Ukimwi. Kisukari hakiambukizwi, kwa hiyo neno hilo liachwe.

Tuchukue mfano wa kubuni. Watu wazima 2,000 wa Ilemela, wilaya ya Mwanza, wakipimwa na 160 wakakutwa na kisukari, kiwango ni asilimia 8. Mwaka unaofuata wakiugua wapya 20 na kufa 5, wagonjwa watakuwa 175. Dawa zikipatikana na vifo vikapungua, kiwango hupanda hata kama wagonjwa wapya hawajaongezeka. Kupanda kwa namna hiyo ni habari njema.

Daftari la kliniki, hata la hospitali kubwa ya Bugando, haliwezi kutoa kiwango cha Mwanza. Limeandika waliofika tu, na wengi wenye kisukari hawajui kuwa wanacho. Ndiyo maana kaya huchaguliwa kwa bahati nasibu, wapimaji wakaenda mpaka visiwa vya Ziwa Victoria.

Huko ndiko makosa huanzia. Sukari ya kufunga huhesabiwa kuwa kisukari ikifika 7.0 mmol/L (milimoli kwa lita ya damu), lakini mtu awe hajala kwa saa 8 au zaidi. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku na hula usiku. Mpimaji akiwakuta mwaloni, ufukweni wanakoshushia dagaa, alfajiri akadhani wamefunga, atahesabu wagonjwa wasiokuwepo. Aulize saa ya mlo wa mwisho, pamoja na chai ya sukari. Kidole nacho kioshwe kwa maji na kukaushwa kabla ya kutobolewa, maana majimaji ya embe yaliyoganda kwenye ngozi yanatosha kupandisha namba.

Kipo pia kipimo cha damu cha HbA1c, yaani sukari iliyoshikamana na chembe nyekundu, kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi 2 hadi 3, mpaka wake ukiwa asilimia 6.5. Hakihitaji kufunga. Ila Kanda ya Ziwa ina selimundu nyingi (ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu), na kwa mgonjwa wa selimundu chembe nyekundu hufa mapema kabla sukari haijashikamana nazo vya kutosha, hivyo jibu laweza kusoma chini kuliko hali halisi.

Mzigo wa ugonjwa ni hesabu nyingine. Hujumlisha miaka iliyopotea kwa kufa mapema na miaka ya kuishi na madhara: upofu, mguu uliokatwa, figo zinazohitaji kusafishwa damu, kwa kawaida mara 3 kwa wiki.

Kisukari huongeza pia hatari ya kifua kikuu. Utafiti wa Mwanza uliochapishwa 2011 ulikuta kisukari kwa asilimia 16.7 ya wagonjwa wa kifua kikuu, dhidi ya 9.4 ya wasio na kifua kikuu. Kila anayeanza dawa za kifua kikuu apimwe sukari, kisha arudie kipimo baadaye, kwa sababu kifua kikuu chenyewe huweza kuipandisha kwa muda.