Darasa la mazoezi likipungua watu Desemba: maswali na majibu

Darasa letu liko kwenye uwanja wa shule, Dar es Salaam. Siku za kawaida tunajipanga mistari mitano. Ikipita tarehe 15 Desemba tunabaki mstari mmoja na nusu, na spika inaonekana kubwa kuliko sisi. Wengine wamepanda basi kwenda Moshi kuhesabiwa, kama tunavyowatania Wachaga. Wengine wamemezwa na vikao vya harusi na sendofu, na wengine wapo hapa hapa mjini, ila joto na wageni vimewafungia ndani. Maswali yafuatayo hunijia kila mwaka, mengine kutoka kwa wanachama, mengine kwa walimu wenzangu.

Kocha, nikikaa wiki mbili bila kufanya chochote, yote niliyojenga yanapotea?

Hayapotei yote, wala hayaondoki pamoja. Pumzi ndiyo inayotangulia. Ndani ya siku chache tu majimaji ya damu hupungua, kwa hiyo moyo husukuma damu kidogo kwa kila pigo na kulazimika kupiga haraka zaidi. Ndiyo maana ngazi ulizokuwa unazipanda huku unapiga soga zinakuhemesha. Kati ya wiki ya 2 na ya 4, uwezo wa mwili kutumia oksijeni unakuwa umeshuka kiasi cha kupimika. Nguvu za misuli ni king'ang'anizi zaidi. Hukaa wiki 3 hivi kabla hujaona tofauti ya maana.

Mwenye kisukari ahesabu kwa namna nyingine. Mazoezi ya leo huusaidia mwili kuitumia insulini vizuri kwa siku 1 hadi 3 hivi, kisha faida hiyo inaisha. Kwa hiyo asipitishe siku 2 mfululizo bila kutembea au kufanya zoezi lolote, hata kama ni Krismasi.

Sasa nifanye kiasi gani ili nisirudi nyuma?

Punguza siku, usipunguze jasho. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, mtafiti Robert Hickson wa Marekani na wenzake waliwafanyisha watu mazoezi makali siku 6 kwa wiki, kisha wakawapunguzia hadi siku 4 au 2. Wiki 15 baadaye, uwezo wao wa kutumia oksijeni ulikuwa bado upo pale pale. Kwenye jaribio jingine waliacha idadi ya siku kama ilivyokuwa, wakapunguza ukali wa mazoezi. Hao walishuka.

Kwa mtu wa likizo, maana yake ni kwamba vipindi viwili vya nusu saa vyenye moto ndani yake vinakulindia pumzi vizuri kuliko wiki nzima ya kujinyoosha. Kipimo ni mdomo wako: ukiweza kuongea lakini huwezi kuimba, unafanya zoezi la wastani, ukitoa maneno matatu halafu unatafuta hewa, hilo ni zoezi kali. (Mchakamchaka tunaouimba kuanzia getini hadi barabara kuu na kurudi, samahanini, huo ni wa kupasha mwili.) Pendekezo la Shirika la Afya Duniani la dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki haliendi likizo, lakini kutembea kwa mwendo wa haraka kwenda sokoni nako kunahesabiwa.

Mimi ni mwalimu. Wamebaki watu 8. Si bora nifunge hadi Januari?

Usifunge. Watafiti wa London waliofuatilia namna mazoea yanavyojengeka, wakachapisha matokeo yao mwaka 2010, waliona kwamba jambo jipya lilichukua kama siku 66 kuwa mazoea kwa mtu wa katikati, wengine siku 18, wengine hata 254. Waliona pia kwamba kukosa siku moja hakuharibu kitu. Mwanachama aliyejiunga Oktoba bado yuko njiani. Akikosa mara moja mbili, hana neno. Lakini ukiondoa uwanja, saa na sauti vinavyomkumbusha, Januari anaanza upya kama mgeni.

Punguza ratiba badala ya kuifuta: Jumanne na Jumamosi, saa 12 asubuhi kabla jua halijawa kali. Itangaze mapema, watu hawajakata tiketi. Na watu 8 usiwapange mistari kama bado wako 40. Mistari yenye mapengo inasikitisha. Wapange duara, kisha uwagawe wawili wawili, mmoja akichuchumaa na kuinuka mwenzake ahesabu. Mwanasaikolojia Mjerumani Otto Köhler aliliona hili miaka ya 1920 kwa wapiga makasia wa Berlin: aliyekuwa dhaifu kidogo alivumilia kuinua chuma kwa muda mrefu zaidi pale ambapo kuachia kwake kungewaangusha wenzake, kuliko alipokuwa peke yake. Darasa dogo linampa kila mtu nafasi ya kuwa huyo anayetegemewa. Kwa kweli madarasa yangu ya Desemba ndiyo ninayoyapenda kuliko yote, ingawa mfuko wangu haukubaliani nami.

Niwaandikie nini wasioonekana?

Hapa ndipo walimu wengi tunapobomoa. Tunabandika kwenye grupu la WhatsApp picha ya waliokuja, chini yake "wavivu mjitafakari", tukidhani ni utani. Aliye msibani Singida anaisoma. Aliyekosa nauli anaisoma. Hajibu, na siku ya kurudi anaona aibu, anaahirisha, wiki inakuwa mwezi.

Andika kwa mtu mmoja mmoja, na umuulize hali kabla ya mahudhurio. "Dada, mlifika salama? Mama anaendeleaje?" Inatosha. Akijibu, mtumie zoezi moja la dakika 10, lisizidi hapo. Mwaka mmoja mimi mwenyewe nilileta mzani kwenye darasa la kwanza la Januari, nikiamini nawapa hamasa. Dada wawili walipanda, wakacheka, wakafunga kanga vizuri kiunoni. Sikuwaona tena hadi Machi.

Na mzani wenyewe haukuwa na habari kubwa ya kusema. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2000 uliwapima watu wazima 195 kabla na baada ya sikukuu za mwisho wa mwaka: kwa wastani waliongezeka kilo 0.37, wakati wao wenyewe walidhani wameongezeka zaidi sana. Ubaya wa kilo hiyo isiyotimia nusu ni kwamba kwa kawaida haikuondoka miezi iliyofuata. Huo ni mzigo wa miaka, na mtu hautui kwa kuaibishwa asubuhi moja.

Niko kijijini, hakuna spika wala mkeka. Nifanyeje?

Kama ni uchagani, umejaaliwa mlima. Kwenda kumsalimu shangazi wa juu na kurudi ni zoezi tosha la miguu, ilimradi usikubali bodaboda. Ongeza pushapu za ukutani na kuchuchumaa mara 15, mizunguko mitatu, chini ya mgomba. Wapo na watoto: waombe wakuingize kwenye rede. Simama katikati ukwepe mpira wa matambara huku unajaza mchanga kwenye chupa, halafu uniambie kama dakika 10 si nyingi. Kuruka kamba nako hivyo hivyo.

Safari yenyewe usiisahau. Dar hadi Moshi ni kilometa zaidi ya 500 za kukaa. Basi likisimama watu wachimbe dawa, shuka hata kama huna haja, tembea kulizunguka. Mkiwa njiani panda na kushusha visigino damu isituame miguuni. Na dawa za presha ziwe kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye begi lililo buti.

Jana nilikunywa. Nije nitoe pombe kwa jasho?

Hapana. Pombe inaondolewa na ini, kwa mwendo wake, na jasho linakuongezea tu ukavu wa mwili. Kuna jambo zito zaidi: mwaka 1978 daktari Philip Ettinger na wenzake walieleza hali waliyoiita moyo wa sikukuu, yaani mapigo kuvurugika baada ya kunywa sana, hata kwa mtu asiyejulikana kuwa na ugonjwa wa moyo. Kunywa maji, tembea taratibu, njoo kesho. Moyo ukirukaruka, kifua kikibana au ukihisi kuzimia, nenda hospitali.

Tukirudi Januari tuanzie wapi?

Nusu. Wiki ya kwanza fanya nusu ya ulichokuwa unafanya, hata kama muziki unakuchochea. Maumivu ya misuli huzidi kati ya saa 24 na 72, kwa hiyo ukijiona shujaa Jumamosi, subiri Jumatatu. Misuli ikivimba, ikauma kupita kiasi na mkojo ukawa na rangi ya kola, usikande nyumbani. Hiyo ni dalili kwamba misuli imeharibika kiasi cha kuhatarisha figo, na inataka daktari siku hiyo hiyo.

Kwa walimu, tusisahau mfuko. Januari, ile tunayosema ina siku 60, mzazi analipa ada, sare na madaftari. Wengi tunaowaita wavivu wanasubiri mshahara. Mimi mwezi huo siitishi ada ya mwezi; anayekuja analipia siku aliyokuja, na asiye nayo anasaidia kubeba spika.