Warfarini haiyeyushi damu

Juzi tena, tukikabidhiana zamu: "Mgonjwa wa kitanda cha nne yuko kwenye dawa ya kuyeyusha damu." Dawa yenyewe ni warfarini, na warfarini haiyeyushi kitu. Ni dawa ya kuzuia damu kuganda. Hupinga kazi ya vitamini K, ini likashindwa kukamilisha baadhi ya protini za kugandisha damu. Zilizokwisha kutengenezwa hubaki kazini, ndiyo maana nguvu yake kamili huchukua siku kadhaa.

Kinachoyeyuka ni barafu au nta: kigumu kinageuka majimaji. Dawa za kuyeyusha bonge la damu zipo, kama streptokinasi na alteplasi, nazo hupitishwa kwenye mshipa wakati wa dharura. Hizo ni dawa nyingine kabisa.

Baya zaidi ni "damu nyepesi". Nilimkuta mama mmoja, mwenye vali ya bandia moyoni, ameacha vidonge vya warfarini wiki nzima. Aliambiwa damu yake imekuwa nyepesi, akaelewa kuwa amepungukiwa damu, akaanza kumeza vidonge vya kuongeza damu. Neno letu ndilo lililompoteza. Damu yake haikuwa nyepesi hata kidogo, ilikuwa inachelewa kuganda tu.

Historia ya dawa hii inasema hivyo hivyo. Miaka ya 1920, Marekani na Kanada, ng'ombe waliolishwa majani ya klova yaliyooza walivuja damu mpaka kufa, kwa kuwa damu iligoma kuganda. Karl Paul Link na wenzake, Chuo Kikuu cha Wisconsin, wakaipata kemikali iliyohusika, na kutokana nayo ikaja warfarini: sumu ya panya mwaka 1948, kisha dawa ya binadamu mwaka 1954. WARF katika jina hilo ni Wisconsin Alumni Research Foundation, waliogharamia utafiti.

Ukishaelewa ni kuganda, unajua pa kutazama: fizi za mgonjwa akipiga mswaki, michubuko isiyo na sababu, mkojo mwekundu, choo cheusi kama lami, kichwa kinachouma ghafla, hasa akiwa ameanguka. Na INR, kipimo cha damu kinacholinganisha muda wa damu yake kuganda na ule wa kawaida. Wengi hulengwa 2 hadi 3, baadhi ya wenye vali za bandia juu kidogo.

Kwa hiyo, mwenzangu, kesho ukikabidhi sema: "Kitanda cha nne anatumia warfarini, ya kuzuia damu kuganda, INR ya asubuhi 2.6, fizi hazitoki damu."