Jaji huyu kawekwa na nani?

Mama mmoja wa Uvira, Kongo, alinishika mkono koridoni, mlango wa chumba cha mahakama ukiwa bado umefungwa. "Mwanangu, huyu jaji aliwekwa na serikali, ao watu ndio walimchagua?"

Nikamwomba amuulize wakili wake. Swali halikuwa la siri, ila mkalimani wa mahakama huapa kutafsiri kilichosemwa bila kuongeza wala kupunguza, na kuelimisha watu koridoni hakumo kwenye kiapo. Hapa bloguni hakuna aliyeniapisha, basi nimjibu.

Ninafanya kazi jimbo la Missouri, Marekani. Tuliokulia Tanzania tunajua jaji wa Mahakama Kuu huteuliwa na Rais, baada ya kushauriana na Tume ya Utumishi wa Mahakama. Majaji wa shirikisho wa Marekani nao huteuliwa na rais, kisha Seneti ikawathibitisha. Lakini talaka, kodi ya nyumba, ugomvi wa baa, yaani kesi zinazotufikisha sisi mahakamani, nyingi ni za majimbo, na kila jimbo lina sheria yake ya kupata majaji.

Missouri yenyewe ina njia mbili. Kaunti ya Jackson, ulipo mji wa Kansas City, nafasi ikiwa wazi tume ya watu 5 hupokea maombi: jaji mmoja wa rufani, mawakili wawili waliochaguliwa na mawakili wenzao, na raia wawili waliowekwa na gavana. Tume humpelekea gavana majina 3, naye ana siku 60 za kuchagua moja. Akikaa kimya, tume inachagua yenyewe. Ukivuka mpaka kwenda kusini, kaunti ya Cass, jaji anagombea kwa tiketi ya chama, na mabango juu. Kati ya kaunti 114 za Missouri, 109 ziko hivyo.

Tofauti hiyo ina mzizi. Miaka ya 1930 Kansas City ilikuwa mkononi mwa Tom Pendergast, bwana mkubwa wa siasa za mji, na kiti cha jaji hakikuepuka mkono wake. Alifungwa mwaka 1939 kwa kukwepa kodi. Mwaka uliofuata wapiga kura walibadili katiba ya jimbo kuleta njia hii ya tume, na majimbo mengine yakaiga.

Hata hivyo mwananchi hakunyang'anywa kura. Jaji aliyeteuliwa akishatumikia angalau mwaka mmoja, jina lake linawekwa kwenye uchaguzi mkuu unaofuata, bila mpinzani wala chama: abaki au asibaki? Akipita, wa Jackson anakaa miaka 6. Iowa hutumia mtindo kama huu, na mwaka 2010 wapiga kura waliwaondoa majaji 3 wa mahakama ya juu kwa hasira ya hukumu iliyoruhusu ndoa za jinsia moja. Kwa hiyo si geresha.

   

Mama, ukishapata uraia utaliona swali la jaji karibu na mwisho wa karatasi ya kura. Mimi mara ya kwanza nililiruka.